Joka Nililolifumua

Dada Rehema,

Shikamoo. Ulikuwa hupendi nikuamkie, ukisema nakuzeesha kwa miaka minne tu uliyonitangulia. Leo nivumilie. Nina jambo la kukiri, na mtu anayekuja kukiri hawezi kuingia bila adabu.

Kwanza habari za nyumbani. Zuhura wako yupo darasa la pili. Meno mawili ya mbele yameng'oka, na hataki kucheka mbele za watu. Nje ananiita Mama mdogo, tukiwa wawili ndani kuna siku ananiita Mama. Sijamkataza. Kama unaudhika, nisamehe. Mama yetu magoti yanamsumbua, lakini huko Kinole bado anapanda kwenda kwenye mdalasini wake kila asubuhi, na ukimsema anakuuliza magoti ni ya nani. Mimi nipo na cherehani yangu kwenye kibanda kilekile cha Msamvu.

Sasa wanyama wako wa karatasi. Dada, hawapo. Siku ya msiba wako tulitoa vitu vyote sebuleni ili tutandike mikeka, unajua inavyokuwa. Wale wa kwenye kabati, tembo, mbega, kinyonga wa pembe tatu, yule chura anayeruka ukimbonyeza mgongo, niliwapanga kwenye boksi kwa mikono yangu nikaliweka nyuma ya nyumba wasikanyagwe. Sikumwambia mtu. Wanawake waliokuja kutusaidia kupika wakakuta boksi la makaratasi makavu karibu na mafiga, wakawashia moto. Nimlaumu nani? Wali ule niliula. Nilikumbuka kuulizia boksi kesho yake.

Likabaki joka peke yake, kwa sababu lilikuwa kwenye begi la Zuhura. Lile ulilolikunja hospitali, kwa karatasi ya mfuko wa saruji niliyokuombea kwa mafundi ujenzi. Unailowesha kidogo kwa kitambaa, unaminya mkunjo kwa mgongo wa kijiko cha uji, unapumzika, unaendelea. Siku tatu. Mimi nimekaa pembeni nakuhimiza ulale. Ukanijibu, "Karatasi haina haraka, Asha. Wewe ndiye una haraka." Lilipokamilika Mama akaligeuzageuza, akasema joka lenye miguu ni mjusi tu. Ukacheka mpaka ukakohoa, muuguzi akaja kututazama.

Kabla ya likizo, Zuhura aliniambia joka lake lipo peke yake na linataka mtoto. Nikamwambia aende kwa bibi Kinole, akirudi atamkuta. Kwa nini niliahidi, sijui. Mimi ambaye hata chura alinishinda, ukanishika vidole hatua kwa hatua, nikamtupa chini nikaenda zangu. Lakini mimi ni fundi, nikajiona nina njia. Mteja akiniletea gauni lake la zamani akitaka lingine kama lile, nalifumua mshono kwa mshono, natandaza vipande juu ya kitambaa kipya, nakata. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo ninavyokula. Basi mchana mmoja nikafunga mlango wa kibanda, nikalichukua joka lako nikalifumua.

Nilianza na mkia. Ukafunguka vizuri, nikafurahi. Nikaja kwenye mabawa, nikaja kwenye shingo, halafu likaachia lote kwa pamoja mkononi mwangu. Gauni likifumuliwa unabaki na mkono wa gauni, kola, pindo. Hapa hapakuwa na kipande hata kimoja. Ilikuwa karatasi moja ya mraba yenye mikunjo tele, na hakuna mkunjo uliokuwa unaonyesha upi ulitangulia na upi ulifuata. Nikakaa chini ya meza ya kukatia nikalia, Dada. Sikulia hivyo hata makaburini.

Nilijaribu siku nne. Mara nikapata kitu chenye shingo mbili, mara kitu kama buti. Pale penye shingo karatasi ikaanza kuchakaa, ukiinyanyua unaona mwanga, nikaogopa nikaacha. Na kuna kitu nilikiona. Kwenye bawa la kushoto kuna mikunjo mitatu jirani, na mmoja tu ndio uliotumika. Miaka yote nilidhani wewe hukosei. Kumbe ulikuwa unakosea kimyakimya, unaanza upya, sisi tunakusifia. Ungeniambia hilo wakati wa yule chura, labda nisingemtupa.

Zuhura alirudi Jumamosi. Nilikuwa nimeshaandaa uongo wa panya, kisha nao ukanishinda. Nilimweleza kabla hajavua viatu. Hakulia. Aliomba karatasi, akaigeuza, akasema, "Ungenisubiri, Mama mdogo. Mimi nilikuwa namwona mama anavyokunja."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Siku mbili za kwanza alikuwa miguuni pako, juu ya kitanda, na hakuna aliyemuuliza lolote kwa kuwa ni mtoto.

Tukakaa sakafuni. Mwanzo aliujua. Vidole vyake vilikwenda bila kusita, huku, kule, geuza, mpaka tukapata kiwiliwili. Hapo vidole vikasimama. Kilichofuata hakukijua, kwa sababu siku ya tatu nilimpeleka shule kwa nguvu, nikisema hospitali si mahali pa mtoto. Tulibahatisha shingo pamoja. Karatasi ikaanza kuchanika, akanishika mkono. "Basi. Tusiichane."

Akaifungua mwenyewe, akainyoosha kwa viganja. Kisha akaleta daftari lake la hesabu, akaniomba nimwekee jalada kwa karatasi ile. Nikaweka. Nilikata pembeni kidogo sana, nikashona ukingo kwa mkono ili lisilegee. Akalala nalo kifuani.

Ijumaa akarudi na ujumbe wa mwalimu. Jalada limekunjamana, libadilishwe, madaftari ya darasa yafanane. Hakumbishia mwalimu. Alilirudisha daftari kwenye begi, akaja kuniuliza kama lazima litolewe. Nikamwambia ale kwanza.

Unanijua mbele ya walimu. Nanywea. Hata nilipokuwa darasa la sita wewe ndiye uliyekuwa unakwenda kunisemea, na sare yako ya sekondari ikiwa na wino kifuani. Kesho ni Jumatatu. Nitafunga kibanda, wateja wa vitenge watasubiri, nitaingia ofisini kwa walimu nimemshika Zuhura mkono. Nitamwambia mwalimu kila mkunjo anaouona pale umekunjwa na mama wa mtoto huyu. Asiponielewa nitamweleza tena, hata nikinywea. Nakuahidi, jalada lile halibandui mtu.

Mungu akupe nafasi pana huko uliko. Lala, dada yangu.

Mdogo wako,
Asha