Picha Uliyotundika Ukutani Si Kaburi la Babu

Lozells,
Birmingham.
9 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Zainab,

Assalaam aleykum, na shikamoo nyingi. Magoti yanasemaje? Nasreen kaniambia siku hizi unapanda ngazi bila kushika ukuta. Nikafurahi, kisha nikaogopa, maana najua unafanya mazoezi ya safari. Sisi hatujambo. Baridi imeanza, Fosia anakohoa kidogo, na watoto wanakuelewa vizuri ukiwasalimu ila wanajibu kwa Kiingereza. Usichoke nao.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Kwa simu nimeshajaribu mara tatu. Nikisikia sauti yako ulimi unakupa lile unalotaka kulisikia, halafu nashinda hospitali nasukuma vitanda sijui naelekea wodi gani. Kwa hiyo naandika. Mwambie Nasreen akusomee polepole, na kabla hajaendelea, kaa kitako.

Shangazi, kaburini kwa babu sikufika.

Januari, nilipokwenda Bhuj, India, kwenye harusi ya mdogo wake Sunita, mwenzangu wa kazini, ulinituma jambo moja tu: niende makaburini, nje ya lango la mji wa zamani, nimsomee baba yako Fatiha. Tangu arudi kwao kumuuguza mama yake akafia huko, hakuna hata mmoja katika damu yake aliyesimama pale. Nilikwenda, tena siku ya mwisho. Nikakuta kufuli. Muuza chai akaniambia mwenye ufunguo amekwenda kula, nisubiri saa moja. Badala ya kukaa kwenye benchi lake nikasubiri, mimi huyo nikaenda kutazama majumba ya wafalme.

Ni mazuri, sikudanganyi katika hilo. Kuna jumba lenye ukumbi wa vioo chini hadi juu, na katikati jukwaa lililozungukwa na birika la maji, mfalme akae apate ubaridi. Jirani yake lipo jingine lenye mnara wa saa, lililopasuliwa na tetemeko la ardhi. Nikaupanda mnara. Nikamalizia kwenye vibanda vya mawe mekundu vya kuwakumbuka wafalme, nguzo zimechongwa maua mpaka jiwe limesahau kuwa ni jiwe, na nusu yake zimeanguka. Kutazama saa, gari la kunipeleka uwanja wa ndege lilikuwa linapiga honi.

Ukapiga simu nikiwa garini. Ukaniuliza, "Umemfikia baba?" Nikasema nimemfikia. Ukataka picha. Nikakutumia zile nguzo nyekundu.

Ningalikiri siku ileile lau usingalilia. Ulisema, "Kumbe walimzika kama mfalme!" Ndipo ukanieleza kitu ambacho hukuwahi kuniambia: kwamba ulipokuwa msichana, mtu alikusimanga mbele za watu kuwa Haroun baba yako alitupwa shimoni kama mtu asiye na wenyewe. Miaka yote hiyo umekaa nalo moyoni.

Sasa picha iko ukutani kwenye fremu, Bi Mwanamkasi na majirani wameshakaa mbele yake wakasoma khitma, na wewe umekata tiketi ya kwenda Bhuj Desemba. Fosia aliposikia habari ya tiketi alizima jiko. "Yasir, utamwambia lini? Aki-land?" Aliniangalia kwa jicho ambalo sitaki kuangaliwa nalo tena na mke wangu.

Ile ni kumbukumbu ya mfalme wa Kihindu, shangazi. Tena hata yeye mwenyewe hayumo, maana wao huchomwa. Mmesoma khitma mbele ya mawe matupu, na dhambi ni yangu peke yangu. Naona haya hata kuandika.

Safari usiivunje. Nimeomba likizo, tukutane huko, na lango likiwa na kufuli nitakaa pale kutwa nzima.

Liko moja nililoliona kwa macho yangu nikakunyima. Kabla sijaondoka pale langoni nilichungulia kwenye nondo. Makaburi yote ni sawasawa: udongo, jiwe la kichwani, jiwe la miguuni. Pamefagiwa. Mtu alikuwa amemwagia maji asubuhi ile, na mirehani imepandwa safu kwa safu, hakuna kaburi lililorukwa. Babu hakutupwa, shangazi. Sikupiga picha, kwa sababu niliona hapana cha kupiga picha.

Nisalimie Nasreen na Mkubwa wa dukani. Bi Mwanamkasi nitamwomba radhi mwenyewe, ana kwa ana. Mungu ayatie nguvu magoti yako, na akulainishie moyo juu yangu kabla hatujaonana.

Mwanao aliyekukosea, na bado akupendaye,

Yasir