Kidonge cha Jioni na Mrija wa Kwanza

Jumamosi jioni, Machi 1976. Manyunyu tangu alfajiri, na ukungu umeshuka mpaka paa la shule halionekani. Mwili umechoka, viatu vimejaa tope, moyo mwepesi.

Hilo neno la mwisho nimelitazama mara mbili baada ya kuliandika. Ni muda mrefu sijalitumia.

Leo nimefanya ujinga, halafu nimependwa. Nataka kuyaandika yote mawili kabla Deusi hajaniita kula. Nitaanza nyuma kidogo, kwa ajili ya siku nitakapokuwa nimesahau jinsi nilivyokuwa.

Mwaka jana mvua zilipoanza, mtoto wetu wa pili alizaliwa bila kulia. Alikuwa wa kike. Mimi sikumwona. Mama mkwe ndiye aliyempokea mikononi, akamfunga kwenye kanga yake na kutoka naye nje. Niliporudiwa na fahamu vizuri, wanaume walikuwa wameshatoka makaburini. Watu walinipa pole, wakanipikia uji, wakasubiri nilie nimalize. Sikulia. Nilizima tu. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo na kubaki nimelala macho kama gogo. Ugali ulikuwa hauna ladha. Nasimama mbele ya darasa la pili na chaki mkononi, nasahau herufi niliyotaka kuandika, na watoto wananisubiri kimya. Watoto wa darasa la pili wakikaa kimya peke yao, ujue mwalimu anatisha.

Oswadi, mkubwa wetu, wa miaka minne, alianza kumwomba bibi yake chakula. Kwangu alikuwa ameacha kuomba.

Deusi ni karani wa ghala la ushirika mjini Sumbawanga, na huja nyumbani mwisho wa juma. Januari alikuja na lori la ghala, akanipakia mimi na mama yake, tukaenda hospitali. Nilidhani daktari atanipima damu na kunifukuza. Badala yake akaniuliza ninalalaje, ninakulaje, na kama kuna siku natamani nisiamke. Nilimjibu ukweli. Akasema huzuni nayo ikizidi huwa ugonjwa, na ugonjwa huo una dawa. Inaitwa amitriptilini. Jina refu kwa kidonge kidogo hivyo.

Alinieleza polepole, Deusi naye akisikiliza, kama ninavyowaeleza watoto wangu kujumlisha. Ninywe jioni, kabla ya kulala, kwa sababu inaleta usingizi. Nisitarajie chochote juma la kwanza, wala la pili. Kinywa kitakauka na choo kitakuwa kigumu, basi ninywe maji mengi na kula mboga. Nikitoka kitandani nikae kwanza ukingoni, nisiinuke ghafla, maana kichwa kitazunguka. Nikisahau siku moja, nisije nikameza viwili kesho yake kufidia. Nisimgawie mtu hata akilia. Nikijisikia nimepona nisiache mwenyewe, nirudi kwake tupunguze pamoja. Pombe nisiguse kabisa. Na vidonge viwe mbali na mtoto, kwa sababu vichache tu vyaweza kumuua.

Hilo la mwisho lilinishika. Vidonge hivi vina ganda la rangi, vinang'aa kama pipi, na Oswadi hajawahi kuona pipi akaiacha. Nimeviweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kopo liko juu ya mtambaapanya, ambako hata mimi nafika kwa kupanda kinu.

Yote hayo nimeyafuata. Kwenye meza yangu darasani kuna kikombe cha maji siku zote. Asubuhi nakaa ukingoni mwa kitanda kama bibi kizee nikisubiri dunia itulie. Na katikati ya Februari, siku ambayo sikuitarajia, nilisikia harufu ya mahindi mabichi yakichomwa kwa jirani na nikatamani kula. Nilikula hindi zima nimesimama jikoni, machozi yananitoka.

Lakini sikumwambia mtu kijijini ninachokunywa. Niliwaambia ni dawa ya kuongeza damu. Huku dawa za namna hii huitwa dawa za vichaa, na mimi tayari ni mtu wa kuja, Mnyakyusa niliyeletwa Ufipa na mapenzi, mwalimu wa watoto wao. Sikutaka wazazi waanze kuhamisha watoto wao dawati kwa dawati.

Sasa nifike kwenye leo.

Leo ilikuwa siku ya kulima shamba letu kwa pombe. Shamba la kijiji tunalilima wote kwa zamu, lakini kila kaya ina shamba lake, na matuta ya Kifipa hayalimwi na mtu mmoja. Nyasi zinakusanywa, zinafunikwa udongo kwa duara, zinaachwa zioze ndani mpaka tuta zima liwe mbolea. Kazi hiyo inataka majembe mengi. Kwa hiyo unapika kimpumu, unawaita majirani, wanalima, halafu mnakaa kuzunguka mtungi. Kimpumu ni pombe nzito ya ulezi. Inamwagiwa maji ya moto mtungini na watu wanainyonya kwa mirija, mtungi mmoja wote.

Na mrija wa kwanza ni wa mwenye shamba. Kwa kaya yetu maana yake ni mimi, kwa kuwa shamba liliandikwa jina langu Deusi alipokuwa mjini. Mama mwenye shamba anavuta kwanza, wote wanamtazama akimeza, ndipo wageni wanapokea. Asipovuta, hakuna atakayesema kitu. Watanyamaza, watanyanyua majembe yao, na kufika jioni kijiji kizima kitajua kwamba nyumbani kule kuna sumu mtungini, au kuna chuki.

Juma zima nilikuwa nalifikiria hilo badala ya kupanga masomo. Kumwambia mama mkwe niliona aibu. Yeye na mimi tunapendana kwa vitendo zaidi kuliko kwa maneno. Kifipa changu ni cha kusalimia na kuomba chumvi, Kiswahili chake ni cha sokoni. Hospitali alikaa kwenye benchi nje. Nikajiambia hajui lolote kuhusu dawa hii zaidi ya kwamba ipo kwenye kopo.

Basi nikapata akili. Akili ya mwalimu, ile inayoonekana safi sana ubaoni. Ijumaa jioni sikunywa kidonge. Nilikinywa leo asubuhi, nikijipigia hesabu kwamba kufika jioni kitakuwa kimekwisha kazi yake, nitavuta mrija mmoja kwa ajili ya watu, na maisha yataendelea.

Kidonge cha usingizi, asubuhi, siku ya jembe. Ningekuwa mwanafunzi wangu ningejirudisha darasa la kwanza.

Mpaka jua linapanda nyuma ya ukungu nilikuwa nalima huku kope zinashuka. Wenzangu wanaimba, mimi nasikia wimbo uko mbali. Kila nikiinuka kutoka kwenye kuinama, shamba lilizunguka. Nikajisemea nikaze. Niliinuka tena kwa haraka, na kilichofuata nilikuwa nimekaa katikati ya tuta bichi, jembe limeniponyoka na kuangukia mahali mguu wangu ulipokuwa umesimama. Bado nauona ule ubapa wa jembe kwenye udongo.

Mama mkwe alifika kabla ya wengine. Akanishika mabega, akaniambia nisiinuke kwanza. Akanipangusa tope usoni kwa pindo la kanga yake. Akaniuliza nina nini, nikasema ni njaa tu. Akanitazama, nami nikatazama matuta. Akachukua jembe langu akalima mstari wangu, yeye mwenye magoti yanayomuuma kila msimu wa mvua, na mimi akaniweka chini ya ukuta wa zizi nikae.

Nilikaa pale nikiona aibu kubwa kuliko ile niliyokuwa naikwepa.

Kazi ilipokwisha wote walikuja uani. Mtungi ukawekwa katikati, maji ya moto yakamwagwa, mvuke ukapanda. Deusi alikuwa ananitazama kwa wasiwasi kutoka mlangoni. Wageni walikaa kwenye vigoda vyao. Mzee Anselmo, jirani yetu wa juu, ambaye kila mwaka hulima kwetu na kila mwaka hulalamika kwamba tunapika pombe nyepesi, alikuwa amekaa karibu na mtungi kuliko wote. Mirija ikawekwa. Wakanitazama.

Nilinyoosha mkono. Nasema kweli, niliunyoosha.

Mama mkwe aliutangulia. Akachukua mrija wa kwanza kutoka mbele yangu, akauingiza mtungini, akavuta kwa muda mrefu, akameza, akajifuta mdomo. Kisha akasema kwa Kifipa, polepole, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilielewa kila neno.

"Pombe nimeipika mimi, nimeionja mimi. Huyu mwanangu yuko kwenye dawa ya hospitali, dawa ya huzuni ya mtoto. Haichanganywi na pombe. Mzee Anselmo alipokuwa anachomwa sindano za kifua, nani alimpa mrija?"



Mzee Anselmo akakohoa kidogo, akasogeza kigoda chake pembeni, akapigapiga kwa kiganja nafasi aliyoiacha, karibu na moto. "Kaa hapa, mwalimu," akasema. "Mimi walininyima msimu mzima, na nyie wote mlikuwa mnanyonya mbele yangu."

Watu wakacheka. Mirija ikaingia mtungini. Mama mmoja ambaye mtoto wake yuko darasani kwangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama dawa hiyo inasaidia kweli, maana dada yake yuko Msanzi na hali yake ni kama yangu ilivyokuwa. Nikamwambia inasaidia, lakini inachelewa, na asiombe yangu, ampeleke dada yake kwa daktari akapewe yake. Akaitikia kwa kichwa. Ndivyo siri yangu ya miezi ilivyoisha, kati ya mrija na mrija.

Na hakuna mzazi aliyetaja kumhamisha mtoto wake darasani kwangu.

Walipokuwa wananyonya, mama mkwe aliingia ndani na kurudi na chungu kidogo nisichokijua, kimefunikwa kwa jani la mgomba. Akaniwekea mapajani. Ndani kulikuwa na togwa, la ulezi ule ule, tamu, lisilo na ukali hata kidogo, na mrija wake tayari. Togwa halipikwi kwa kupepesa macho. Linapikwa, linapoa, linatiwa kimea, linangojewa. Nilimuuliza amelipika lini.

"Jana," akasema. "Deusi alinieleza yote siku ile ile tuliyotoka hospitali. Nilikuwa nasubiri uniambie."

Nikavuta mrija. Naye akakaa chini kando yangu, akauacha mtungi aliohangaika nao siku zote hizo, akatafuta mrija mwingine, akautia kwenye chungu changu kidogo. Tukanywa wawili mpaka kikakauka.

Baadaye, wageni walipoondoka, nilimweleza Deusi kuhusu kidonge cha asubuhi. Hakunigombeza. Alinikumbusha tu kitu ambacho daktari alikisema nami nikakiacha mlangoni pale hospitali, kwamba dawa hii hukaa mwilini siku kadhaa, haiishi kwa jua kuzama. Kwa hiyo mrija ule ungekuwa hatari hata kama hesabu zangu zingekuwa sawa. "Mwalimu," akasema, "leo umepata sifuri." Kisha akanishika mkono, akaushikilia.

Usiku huu sinywi kingine, cha leo nilishakimeza. Kesho jioni narudi kwenye saa yangu ya kawaida, na mama mkwe amesema atanikumbusha. Ameniomba nimwonyeshe kopo. Nilimshushia, akalitikisa sikioni, akaangalia Oswadi aliko, akanirudishia nilipandishe pale pale juu. Mwezi ujao nikienda hospitali nitamwambia daktari nilivyoanguka, na nilivyofanya. Na nitamwambia nimeanza kujisikia vizuri, ila sijaacha.

Deusi ananiita. Oswadi ameshaanza kula, namsikia akimwambia bibi yake kwamba ugali wa leo umepikwa na mama.

Jambo moja limenikaa tangu lile togwa. Mwanamke huyu aliweza kunisubiri tangu Januari, asiniharakishe. Nimekumbuka kwamba yeye peke yake ndiye aliyemshika binti yangu. Miezi yote hii hajanisimulia, na mimi sijamuuliza.

Kesho, tukitoka kanisani, nitamuuliza binti yangu alifanana na nani. Nadhani hilo nalo anasubiri nimwambie niko tayari.