Saa Sita za Angani

Jumatatu, 11 Machi
Nimechoka. Siku nzima benchi la hospitali, mgongo umekuwa ubao. Mguu wa kaka umeharibika mpaka karibu na goti — sukari hiyo. Daktari anataka kuukata kesho. Kaka hataki! Anasema, nikilazwa kwa dawa nisipoamka je? Kwanza amwone binti yake. Binti yuko ng'ambo, mwaka wa sita huu. Shemeji kampigia: kapata ndege ya Jumatano, inaondoka saa nne asubuhi.

Daktari akauliza, ni mwendo wa saa ngapi? Wote wakanigeukia mimi. Wamgeukie nani mwingine? Mtaani mimi ndiye Rubani. Nikasema: saa sita tu, daktari, njia ile naijua hata nikifumba macho. Jumatano saa kumi jioni yuko hapa.

Daktari kakubali kwa shingo upande. Jumatano, saa kumi na mbili jioni, si zaidi. Sumu inapanda.

Jumanne, 12 Machi
Kaka homa juu, lakini leo kacheka. "Hebu Rubani, wasimulie na hawa." Nikawasimulia wodi nzima nilivyoitwa mbele nishike usukani, rubani mwenyewe kabanwa na tumbo. Mgonjwa wa dirishani: "Mzee, na honi ulipiga?" Nisipige vipi, kulikuwa na ndege mwenzetu katikati ya njia! Mpaka nesi kashika mbavu.

Basi, ukweli ni huu: ndege nimepanda mara moja tu, dakika arobaini, nimeshika kiti kwa mikono miwili. Lakini saa sita sikutunga! Binti alipoondoka niliiona ndege ikiruka, saa mbili asubuhi. Ujumbe wake niliusoma mwenyewe kesho yake: nimefika salama baba mdogo, huku ni saa nane mchana. Mbili mpaka nane ni sita. Hesabu ya darasa la pili hiyo.

Jumatano, 13 Machi
Saa kumi kamili nilikuwa uwanjani, shati nimepiga pasi. Ubao wa ndege zinazoshuka — hamna. Nikamfuata dada wa dirisha la maulizo. Nikamfokea kidogo. Yeye taratibu tu: "Baba, ni kilomita elfu kumi na mbili na ushee. Saa kumi na nne angani. Na kule wako nyuma yetu saa nane. Hiyo ndege haijaruka."

Haijaruka!

Itaruka saa nne yao, saa kumi na mbili jioni zetu. Itashuka kesho saa mbili asubuhi. Miaka sita nawahubiria watu saa sita.

Sasa ni saa kumi na moja na nusu. Niko kwenye korido, mlango wa wodi uko wazi. Nimempigia binti. Yuko kwenye foleni ya kupanda, analia. Anasema, mpe baba simu, baba mdogo, mpe hata dakika moja kabla sijazima. Nimemwambia subiri kidogo. Hajakata.

Kaka kasikia kiatu changu. Kaita kwa sauti ndogo sana: "Umekuja naye?"

Nimejibu: "Yuko kwenye mizigo, kaka. Mizigo ya kule mingi."

"Alhamdulillahi," kasema. "Basi waambie madaktari waje wanichukue."

Nesi anakuja na kitanda cha magurudumu. Simu iko gotini, haijakatika, namsikia anavyoniita —