Neema Ameacha Mawe ya Barafu

Kasulu, Jumanne usiku

Basi ameacha. Mdogo wangu Neema kanipigia leo dukani kusema goti limemshinda. Miaka kumi na minne ya mchezo wa kutelezesha mawe kwenye barafu, wenzake wakilifagilia jiwe njia kwa brashi, sita akiwa kwenye timu ya wanawake ya Sweden. Majirani hunitania: "Mama Riziki, mdogo wako kaenda Ulaya kufagia!"

Nikamwambia vizuri, sasa rudi, duka tuliendeshe wawili.

"Dada, nirudi wapi? Kwetu ni huku."

Tulipokimbia vita utotoni, kutoka mpakani hadi Nyabibuye nilimbeba mgongoni. Kwenye kambi ya wakimbizi shangazi akamchukua yeye kwenda Sweden, mimi nikabaki.

Sikulia. Wala hasira sikuisikia. Nilikata simu, nikampimia mteja kitambaa mita nne. Sikukosea hata inchi.