Jeu Zako, Jeu Zangu, na Siku ya Kampemba

Mudogo wangu Banza,

Jumapili moja mwezi uliopita, Patient, kijana anayetaka kunioa, aliniuliza swali jepesi. Tulikuwa kwao, upande wa Luano, sebuleni, ndege zikipita juu ya paa hadi maneno yanakatika. Alikuwa anacheza jeu, mchezo wa kwenye televisheni, ile ya kukimbiza magari. Akanigeukia akasema, "Na weye, zamani ulikuwa napenda jeu gani?"

Nikamwambia sikumbuki. Alicheka, akarudi kwa magari yake. Mimi nilibaki na swali hilo njia nzima hadi nyumbani, na ndilo linalofanya nikuandikie. Jibu lake ulilijua wewe. Na kulikuwa na jambo lingine ulilolijua wewe peke yako pamoja nami.

Nianze na jeu.

Unakumbuka siku papa alipoingia na ile play, mashine ya kuchezea jeu, ndani ya mfuko wa simenti? Wewe ulikuwa na miaka kumi na moja, mimi kumi na tano. Aliinunua kwa mwenzake wa kazi, imetumika, kifuniko kimepasuka. Fundi umeme kama papa hapotezi muda. Kabla hajavua viatu ilikuwa inawaka. Nikanyoosha mkono kuchukua maneti, kile kidude cha kushika na kubonyeza. Papa alinitoa maneti mkononi akakupa wewe.

"Hii ni ya mudogo yako," alisema. "Weye Ngoie uko na miguu. Wende ukakimbie inje na benzako."

Nilimchukia kwa maneno hayo muda mrefu, na alikuwa na haki. Wewe kukimbia hukuweza. Tangu una miaka mitatu tulikuwa tunasema "Banza iko SS" kama vile watu wengine wanavyotaja jina la ukoo. Damu yako ilikuwa hivyo, ya ugonjwa wa seli mundu. Baridi, uchovu, mbio kidogo, na maumivu yanaingia ndani ya mifupa. Mwezi wa sita, asubuhi za Katuba, mtaa wetu, zikiwa za kutoa moshi mdomoni, mama alikuwa anapasha taulo juu ya mbabula ya makaa, anakufunga mikono yote miwili, anakulisha kwa kijiko.

Lakini play ile niliigeuza yangu. Nilikuwa mkubwa, nilikuwa na sauti, na wewe hukupenda ugomvi.

Mimi nilipenda jeu ya kupigana. Watu wawili wanatazamana, kengele inalia, mnapigana mpaka mmoja alale chini. Nilichagua siku zote yule mnene mwenye mnyororo, nikabonyeza kila kitu kwa pamoja bila kufikiri. Wewe ulichagua mwanamke mwembamba wa nywele nyeupe. Nilikuuliza kwa nini yeye, maana hana nguvu. Ulisema, "Huyu iko na sura ya muntu anachoka, sawa miye." Nilikuwa nakumaliza kabla hujapata hata kuinua mguu wake. Ya mpira niliipenda pia, nikipiga golini kutoka katikati ya uwanja bila kumpa mwenzangu pasi. Papa alisema nacheza kama mtu anayefukuza mwizi.

Wewe ulikuwa na yako moja, diski isiyo na karatasi uliyoitoa kwenye rundo sokoni. Wasafiri wanne wanavuka nchi ya theluji, wanatafuta mji uliopotea. Wanasimama mstari mmoja na kungoja uwaambie cha kufanya. Ukitaka unawaambia sasa, ukitaka baada ya kula. Wao wanatikisa tu mabega kwa baridi na kungoja. Yote ilikuwa Kiingereza, na ulijifunza Kiingereza humo humo, ukajua kusema ngao na theluji kabla ya kujua kusema habari za asubuhi.

"Jeu ya bazee hii," nilikuambia. "Haina hata damu."

"Inaningojea," ulijibu. "Ile yako haingojee muntu."

Sikusikia ulichosema. Nilidhani ni mapendeleo tu, kama huyu anavyopenda bukari, ugali wetu, ya mahindi na yule ya muhogo. Haikunijia kwamba mtu anaweza kupenda jeu kwa sababu asubuhi ile vidole vyake havikufungika. Uliniomba mara nyingi nikae nawe, niongoze wasafiri wawili nawe wawili. Nilikaa dakika tano, nikapiga miayo, nikasema kesho.

Kisha ikaja ile likizo ya mwezi wa saba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, wewe kumi na tano. Kule mtaa wa Kampemba bwana mmoja alikuwa amefungua chumba cha jeu, akatangaza mashindano ya kupigana, wawili wawili. Atakayeshinda anaondoka na play mpya. Mwenzangu Nadine alikuwa amekwenda kwa mjomba wake kule Kilwa ya kwetu, ile ya ziwani, na kwa barabara ile hakuna aliyejua atarudi lini. Nikakugeukia wewe.

"Yaya, miye siijue hii jeu," uliniambia mimi dada yako.

"Nitakufundisha."

"Mama alikataza kutoka na ile baridi."

"Mama anarudia ku soko saa kumi na moja. Kampemba hakuna mwenye anatujua. Ao uko na ogopa?"

Neno hilo hukuweza kulivumilia, nami nilijua.

Tulifanya mazoezi wiki mbili. Na kweli, ukawa hodari, kuliko mimi. Ulikuwa unamwacha adui aanze, unarudi nyuma kidogo, unarudi tena, yule anakasirika na kufungua kifua, ndipo unapiga pigo moja. Ulikuwa umelitoa kwa wale wasafiri wako wa theluji. Jioni moja nilikukuta jikoni umetia mikono ndani ya beseni la maji ya moto mpaka kwenye kiwiko. Nikauliza unafanya nini. "Ninanawa," ulisema. Nikatoka. Zamani nilikuwa najiambia kwamba sikuelewa. Nilielewa, Banza. Hapa naliandika wazi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Asubuhi mama alikutuma mkate pale kwenye kona, ukaenda bila jaketi kwa sababu ni karibu. Hilo mama hajalisahau hata siku moja. Baada ya saa sita, mama akiwa sokoni na papa kazini, mimi na wewe tukatoka.

Chumba kilikuwa cha saruji tupu, mlango umeachwa wazi ili watu waone, upepo unapita chini ya mabenchi. Raundi ya kwanza tulishinda. Ya pili tulishinda. Ulikuwa unacheka, ukanipiga bega. Raundi ya tatu, ukiwa unapigana na mvulana mmoja mrefu, maneti ilikuponyoka mikononi. Ukaiokota. Ikaanguka tena. Ukainama kwangu, ukanionyesha mikono, ukasema polepole, "Yaya, maboko inakatala."

"Fanya nguvu. Inabakia moja tu."

"Inauma mpaka mu kifua."

"Banza, bantu banatuangalia."

Ukaendelea. Uliishika maneti kwa viganja, ukawa unabonyeza kwa mfupa wa kidole gumba. Tulishindwa. Watu walikupigia makofi hata hivyo, mimi sikukupigia. Njia ya kurudi nilitangulia. Sikugeuka mpaka pale reli inapokatiza barabara. Nilipogeuka ulikuwa mbali sana, umekaa juu ya jiwe, mikono ndani ya makwapa. Sikurudi kukuchukua. Nilisimama pale nikangoja uinuke mwenyewe.

Asubuhi ya Jumapili ulikuwa na homa, pumzi fupi fupi. Papa alikubeba mgongoni, mtu wa miaka kumi na tano, mpaka akapata taksi. Hospitalini walikuwekea maji, wakatafuta damu. Papa alisimama pembeni ya kitanda akauliza, "Jana alikuwa wapi?"

Mama akasema alikutuma mkate asubuhi na mapema. Akasema pia, bila kuulizwa, kwamba hukuvaa jaketi.

"Na mchana?" Papa alinitazama mimi.

"Alikuwa ku nyumba, papa. Alilala."

Ulikuwa macho. Uligeuza kichwa ukanitazama, si kwa muda mrefu. Kisha ukamwambia, "Ndiyo papa, nililala."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho kamili aliyoyasikia kutoka kwako. Jumanne, chupa ya pili ya damu ikiwa bado inashuka, uliacha kupumua.

Daktari alimweleza papa kwamba krizi kama ile, shambulio la ugonjwa wako, inaletwa na mambo mengi, baridi, uchovu, wakati mwingine hakuna anayejua. Papa alichagua baridi. Alichagua ule mkate.

Hakumpiga mama, hakumpigia kelele. Aliacha tu kula mkate. Asubuhi mama anauweka mezani, yeye anausukuma kwa kidole, anakunywa chai tupu. Baridi ikiingia kila mwaka anasema, bila kumtazama mtu, "Mutoto bila jaketi." Mara moja tu kwa mwaka, na ilitosha. Mama akahamia kulala kwenye kitanda chako. Miaka tisa nilikaa kati yao mezani nikiwapitishia chumvi. Ningeweza kusema kila asubuhi, na kila asubuhi niliona imechelewa zaidi kuliko jana. Play ile papa aliwapelekea watoto wa kaka yake kule Likasi, hakutaka kusikia habari zake.

Mwaka jana papa naye alikufa, presha. Siku zake za mwisho mama alimwosha na kumgeuza kitandani. Alikubali mikono yake. Uso hakumpa.

Ungetaka nikuambie kwamba sasa napenda jeu zako. Ningependa kuwa mtu wa namna hiyo. Jumapili ile baada ya swali la Patient, alipokwenda kununua vocha ya simu, nilitafuta kwenye mashine yake jeu ya zamu, ya watu wanaosimama na kungoja. Ilikuwepo moja. Nilicheza labda robo saa na nikasinzia, Banza. Bado zinanichosha. Nikaifungua ile ya kupigana, na vidole vyangu vikaamka vyenyewe, haraka, na kwa dakika chache nilikuwa na furaha. Nilipoona ninafurahi nikaizima, nikaenda kukaa barazani.

Juma lililofuata nilikwenda kwa mama. Nilimkuta uani anachambua sombe, majani ya muhogo yamejaa beseni. Nilikaa kwenye kigoda nikamwambia yote, tangu Nadine kwenda Kilwa hadi lile jiwe la kwenye reli. Mikono yake iliendelea kunyofoa majani. Nilipofika kwenye kitanda cha hospitali, ikasimama.

"Alishinda?" aliuliza.

"Mara mbili."

"Alikuwa nacheka?"

"Mu mwanzo, ndiyo. Kisha hapana."

Aliyasukuma majani katikati ya beseni. Nilidhani atalia, nikajitayarisha kumshika.

"Papa yako alikufa anajua ni miye," alisema.

"Mama."

"Ungesema wakati iko muzima. Hata siku moja tu mbele afe."

Akainuka, akabeba beseni, akaingia jikoni. Nilisikia kinu. Alipika kama kawaida, akanipakulia, akanitafutia hata kipande cha samaki. Tangu siku hiyo naenda kila Jumapili baada ya misa. Ananisalimu, anauliza habari za kazi, ananipa chai. Ila haniiti tena Ngoie. Ananiita weye.

Patient nilimweleza pia. Alizima televisheni akanisikiliza hadi mwisho, na akanishika mkono, lakini habari ya kuja kwa mama kuniposa hajaigusa tena, na mimi simuulizi.

Wewe sikuombi unisamehe. Ulikwisha kunisamehe pale kitandani, kwa maneno matatu, na msamaha ule mama aliulipia miaka tisa. Ungenisema, mudogo wangu. Ungemwambia papa ukweli, angenipiga, ningelia, na wao wangebaki na mtu wa kumlilia pamoja.

Pumzika, Banza. Jumapili nitakwenda tena. Nitakaa pale uani mpaka chai ipoe, aniite jina au asiniite.

Ni miye,
yaya yako