Mbuzi Aliyechelewa Kufika

Mjukuu na mchumba wangu Neema,

Marahaba. Goti la bibi yako limepoa, na mtama hapa Kongwa umetoa masuke, Mungu ashukuriwe.

Unalalamika kwamba mwalimu wako wa maabara anakulazimisha kupitisha maji ya zabibu polepole kwenye kibomba kirefu chenye ungaunga wa kunasa sukari moja zaidi ya nyingine, wakati mashine ya kupima uzito wa chembe ipo. Lakini si umeandika mwenyewe kuwa sukari mbili zilizomo kwenye zabibu zina uzito uleule, hata mashine haiwezi kuzitofautisha?

Ujanani, Mzee Chilewa, jirani yetu, alinikabidhi mbuzi wake nimchungie. Nikasahau kumtia alama sikioni, akachanganyika na mbuzi wetu mmoja, mweusi kama yeye. Tukawapima kwenye mizani ya karanga, wakawa sawasawa. Watu wakaanza kunong'ona kwamba nimemficha aliye bora.

Mzee akasema, "Wangu ni mlafi. Mwageni maganda ya karanga njiani, mimi nitakaa langoni."

Tukawaachia wote wawili, mmoja akaja moja kwa moja hadi langoni. Wa pili alisimama kila penye ganda, tukamngoja hadi jua likawa kali.

"Huyo ndiye wangu," akasema, akacheka.

Angeweza kumchukua yeyote asubuhi ile, akaniacha na jina la mwizi. Nashukuru hadi leo. Basi kaa na kibomba chako, mama. Babu yako anaitwa mwaminifu kwa sababu mzee mmoja alikubali kumngoja mbuzi anayechelewa.

Akupendaye,
Babu