Geti Nyuma ya Milimau

Dubai, Ijumaa, Septemba 2017

Dada Mwende,

Nimefika pale. Ile vila ya Italia uliyokuwa ukinisimulia tukiosha vyombo, yenye picha mpaka kwenye dari na sanamu zilizokatika pua, nimeiona kwa macho yangu. Julai hii nilipelekwa mimi, badala yako, kumshika mtoto.

Nakuandikia kutoka chumbani kwetu. Kitanda chako sasa analala msichana Mganda anayeitwa Prossy. Ni mpole, ila anaongea na simu kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Ameenda kanisani, maana huku ibada ni Ijumaa, na mimi nimebaki nikijidai kichwa kinaniuma. Kuna jambo nataka kukuuliza, na sikutaka kuuliza mbele ya mtu.

Mwaka umeisha tangu ufe. Waliniambia ni moyo. Ulianguka kule Hatta, shambani kwa wazazi wa Sir, ukimvua mtoto wao Shamsa viatu. Madam alinipigia simu akilia, na mimi nilisimama jikoni na simu sikioni nikajiuliza, huyu analilia nini? Sikumwamini. Tangu siku ile angeniambia maji ya moto yanaunguza, ningetia kidole nihakikishe.

Sababu unaijua. Viangazi viwili uliporudi kutoka Italia ulirudi na hadithi. Ulinionyesha kwa mwiko jinsi ua la miti lilivyokatwa likawa kama ukuta. Ulisema kuna mlango umechorwa ukutani, na siku ya kwanza uliunyooshea mkono uufungue, mlinzi akacheka mpaka akakohoa. Lakini mara ya tatu ulirudi umefunga mdomo. Nilikuuliza, "Vila ilikuwaje?" Ukasema, "Ilikuwa tu." Wiki hiyo hiyo Madam akakukataza kutoka Ijumaa. Hakukufokea. Alisema mtoto anakuhitaji, khalas. Nilienda Deira peke yangu kusukwa, nikaketi kwenye kile kiti chetu nikiulizwa na kila mtu, Mwende yuko wapi? Wiki sita baadaye ukafa. Nikapiga hesabu yangu kichwani: huyu mwanamke alikufanyia kitu huko, na hicho ndicho kilichokuua.

Kwa hiyo aliponiambia nitasafiri nao, akaninunulia raba nyeupe na kuniuliza kama zinanibana, nilishuku. Pale uwanja wa ndege alinipa pasipoti yangu mkononi. Miaka minne sikuwa nimeishika. Tulipomaliza kugongewa muhuri akanyoosha mkono. "Nikuwekee, isipotee." Nikampa. Nilimtazama usoni na yeye akatazama begi.

Vila iko juu ya kijiji, mwendo mfupi kutoka nyumba waliyokodi kando ya ziwa. Tulikwenda mara nne, kwa sababu Madam, kama unavyojua, akiona picha za kale anasahau kula. Kila chumba kina mlinzi kwenye kiti. Madam akipita hawainui macho. Mimi nilipopita, mama mmoja mwenye miwani aliinuka akanifuata hadi chumba kingine, kama vile ningebandua malaika nimtie kwenye mkoba wa mtoto. Niliuona mlango wako wa kuchora. Kuna mtumishi amechorwa pale, ameufungua kidogo, anachungulia. Hukuniambia kuhusu yeye. Nilijiuliza ni mambo mangapi mengine hukuniambia.

Siku ya tatu Madam akasema, "Chemutai, mpeleke Shamsa bustanini, mimi nibaki juu." Nikashuka naye. Milimau imepandwa kwenye vyungu vikubwa vya udongo, vyungu vinavyonifika kifuani, vimepangwa mistari. Maji yanatoka kwenye mdomo wa samaki wa jiwe. Nilikuwa nikiangalia kila kitu kama mpelelezi. Nilitaka kujua ni wapi, hapa, jambo lilitokea. Shamsa ana miaka sita sasa, Dada. Bado anasema Kiswahili chako, hata ile sauti yako ya Kitui. Akanivuta mkono akasema, "Twende kwa geti la Mwende."

Nikamuuliza geti gani.

Liko nyuma ya milimau, mwisho wa ukuta. Geti la chuma, fupi, la watunza bustani. Halikuwa limefungwa. Nje kuna barabara nyembamba na kibao cha kituo cha basi.

Nikachuchumaa mbele yake. Nikamuuliza polepole, maana mtoto ukimharakisha anakupa anachodhani unataka. Alisema, "Mwende alinikalisha hapa, akaniambia nihesabu malimau. Akaenda. Mimi nikamfuata." Nikamuuliza, akafanya nini? "Basi lilikuja. Aliniona. Akalia, akanibeba, tukarudi. Akasema ni siri yetu." Halafu, kama anayekumbuka jambo dogo la kuchekesha, akaongeza, "Alikuwa na joto sana. Alivaa nguo mbili, hii juu ya hii."

Nguo mbili, Mwende. Mtu hawezi kubeba begi akielekea kutazama picha, kwa hiyo unavaa mzigo wako.

Sijui nilikaa pale muda gani. Nilikuja kukutafutia muuaji, nikapata kwamba ulikuwa unaondoka. Na hukuniambia. Miaka mitatu tumelala kitanda kando ya kitanda. Najua jino lako lililokuwa likiuma na ndoto uliyoota mara mbili. Ulinisaidia kufunga sanduku la Madam siku ile ya safari, ukanikumbatia mlangoni, ukasema, "Usiunguze sufuria zangu." Ndivyo ulivyoniaga? Ungepanda lile basi, mimi ningekuwa hapa jikoni, Sir akiniuliza, polisi wakiniuliza, na mimi nikiapa kwamba utarudi Jumamosi kwa sababu wewe ndiye uliyeniambia.

Wakati mwingine nafikiri ulinyamaza ili nisiwe na la kuficha. Wakati mwingine nafikiri ulinyamaza kwa sababu hukuniamini. Nimejaribu kuchagua moja, siwezi.

Basi lilikuja tukiwa bado pale. Dereva alifungua mlango, akanitazama, akamtazama Shamsa, akangoja. Nitakwambia ukweli kwa vile huwezi kumwambia mtu: mguu wangu ulisogea. Sikuwa na pasipoti wala namba ya mtu yeyote katika nchi ile, na bado mguu ulisogea. Kisha Shamsa akasema ana kiu. Dereva akafunga mlango akaenda zake.

Nilipogeuka nilimwona Madam. Amesimama dirishani, chumba cha juu, mikono imeshika ukingo. Hakupunga mkono, hakuita. Tuliporudi alimpa mtoto maji na kuniuliza kama nimechoka. Siku nzima nilingoja aseme kitu. Usiku huo na kesho yake pia. Nikaelewa kwamba na yeye alikuwa akiningoja.

Tulirudi Dubai, nikakaa wiki mbili. Halafu asubuhi moja nikampelekea kahawa sebuleni, Sir ameshatoka, nikabaki nimesimama. Nikasema, "Madam, Mwende alitoka kwenye lile geti." Hakujidai kushangaa. Aliweka kikombe chini.

Alisema alikuona. Ulikuwa umefika barabarani. Alisema, "Nilijiambia, akienda, nitasema sikuona. Kisha nikamwona Shamsa nyuma yake, na basi linakuja, na nikashuka ngazi mbio bila viatu." Alipofika chini ulikuwa unaingia na mtoto kiunoni. Ulimwambia, "Mtoto alitaka kuona barabara, Madam." Akakujibu sawa. Hamkulizungumza tena, si njiani, si nyumbani.

Nikamuuliza, "Na Ijumaa?"

Alikizungusha kikombe pale mezani. Kisha akasema, "Niliogopa. Nilikuwa na haki ya kuogopa?" Sikujua ananiuliza mimi au nani. Akasema kule Hatta alikuwa amepanga kukwambia kuanzia wiki ile utatoka tena. Akalia kidogo, kama alivyolia kwenye simu.

Sasa niambie wewe uliyemjua kuliko mimi. Ni kweli angesema hakuona? Ni rahisi kumfungulia geti mtu ambaye hayupo tena wa kulipita. Namtazama akila, akichezea simu, akimfunga Shamsa nywele, na namtafuta yule mwanamke wa dirishani aliyekuwa tayari kukuachilia. Siku nyingine namwona. Siku nyingine naona mwenye kabati la pasipoti na ufunguo wake. Kitu kimoja nimeacha kukisema: sisemi tena kwamba alikuua. Hilo nalitoa. Mengine nimebaki nayo.

Mimi nimemwambia mkataba ukiisha Machi siongezi. Nilimwambia nataka pasipoti yangu mapema, ikae kwangu. Alikwenda juu, akakaa huko muda mrefu, nami nilisimama chini ya ngazi nikiwa na hakika atarudi na sababu. Alirudi na pasipoti. Iko chini ya mto ninapoandika. Nimeifungua mara tatu kuhakikisha ni yangu.

Sasa la mwisho, ambalo ndilo limenifanya nikuandikie. Jumatatu mwanao Ndanu alinitumia ujumbe. Yuko kidato cha tatu, anaandika sentensi ndefu kama wewe. Anasema nyanya yake, kwa hasira ya mambo mengine, amemtamkia kwamba ulikuwa na mpango wa kwenda Ulaya na kupotelea huko. Ameniuliza, "Aunty, ni ukweli mum alitaka kutuacha?" Kwa hiyo mama yako alijua. Yeye ulimwambia. Nimefurahi kwamba kuna mtu ulimwambia, na imeniuma.

Swali hilo sikumjibu kwa simu. Nilimwandikia kwamba nakuja mwezi wa nne, tutaongea tukiwa tumeketi.

Lala sasa, Dada Mwende. Sijamaliza kukukasirikia, lakini nakupenda katikati ya hasira hiyo, na nadhani unajua. Nakuahidi nitafika Kitui. Sitampelekea Ndanu hadithi ya picha na chemchemi. Nitamwambia ulivaa nguo mbili, ukatoka, ukafika barabarani, na basi likaja. Nitamwambia ulirudi kwa sababu ya mtoto. Ataniuliza ni mtoto gani, na nitamtajia jina la Shamsa, na sitaondoka pale mpaka amalize kulia.

Mdogo wako,
Chemutai